Siku Thelathini za Bumu na Mashine ya Plazma

Bumu liliingia Jumatano. Kufika Ijumaa jioni, laki tatu zilikuwa zimeshaondoka, na hazikwenda kwenye viatu wala simu mpya. Zilikwenda kwenye mashine ya plazma ya kukatia chuma. Wanachuo wenzangu mnajua hesabu hii bila kuelezwa: posho yetu ni elfu kumi kwa siku, kwa hiyo laki tatu ni siku thelathini za kula. Laki tatu nyingine alitoa mjomba, ambaye alistaafu reli na sasa anashinda uani kwake Isevya akitengeneza mageti ya majirani, vitanda, majiko ya mkaa, chochote kinachokubali weldingi.

Tangu niweke picha ya ile mashine kwenye simu, wenzangu kadhaa wameniuliza inauzwaje, na kama mtu anaweza kuichukua kwa ajili ya kazi ndogondogo za nyumbani. Jibu fupi ni kwamba wengi wenu hamuihitaji. Jibu refu ndilo hili, na nalitoa kwa sababu wiki ya kwanza mashine yetu ilikataa kukata, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuandaa maneno ya kumwambia mjomba kuhusu laki tatu zake.

Shida ilianzia kwenye asali. Mama mdogo ana mizinga Sikonge, na kila msimu anakamua kwa kitambaa, ndoo na nguvu za mikono. Alituomba tumtengenezee kikamulio: silinda yenye matundu, sahani ya kukandamiza masega, na parafujo nene ya kuishusha ile sahani. Asali ina asidi. Ukiikalisha kwenye chuma cha kawaida inaleta kutu na ladha inaharibika, kwa hiyo kikamulio sharti kiwe cha stenlesi. Hapo ndipo vifaa vya mjomba vilipogota. Sahani yenyewe ni duara la stenlesi lenye unene wa milimita 3, na grinda haipendi duara. Diski yake inakwenda mbele tu. Ukiilazimisha ikunje kona inapasuka, na diski iliyopasuka ikikupata usoni hutasahau.

Jirani yake ana mitungi ya oksijeni na asetilini. Tulimfuata, akakataa kwa upole: stenlesi haikati. Nilidhani anatafuta kuongeza bei. Baadaye nilisoma nikaelewa kwamba alisema kweli. Gesi haikati chuma kwa kukiyeyusha tu. Inakipasha mpaka kinakuwa chekundu, kisha oksijeni inakiunguza chenyewe, na majivu ya chuma yanapeperushwa. Ndani ya stenlesi mna kromiamu, ambayo inajifunika ngozi ngumu kuyeyuka na kuuzuia ule moto usile. Aluminiamu nayo ina tabia hiyohiyo.

Plazma haina haja ya kukiunguza chuma. Hewa hii tunayovuta inasukumwa ipite kwenye tundu dogo, na humo ndani unapitishwa umeme mpaka hewa yenyewe inageuka kuwa kipitisha umeme, yenye joto linalozidi nyuzi 20,000 za Selsiasi. Umeme unaruka kutoka kwenye tochi kwenda kwenye chuma, chuma kinayeyuka kwa mstari mwembamba, na hewa ileile inaupuliza ule uji wa chuma uanguke chini. Sharti ni moja: unachokata kipitishe umeme. Stenlesi, aluminiamu, shaba, chuma chenye rangi, vyote sawa. Ufundi huu ulianza Marekani miaka ya 1950 kwa mashine kubwa za viwandani. Zilizouleta uani kwa watu kama mjomba ni zile za inveta, ambazo zimepunguza uzito kiasi kwamba ya kwetu ina kilo tisa na unaibeba kwa mkono mmoja kama ndoo ya maji isiyojaa.

Basi tukanunua. Pembeni mwa boksi imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba inakata milimita 12. Jumamosi asubuhi nikafika Isevya, mjomba akanipokea kwa “mwangaluka” yenye furaha kuliko kawaida. Kompresa tuliazima kwa kijana anayejaza upepo matairi ya bodaboda. Umeme tukauvuta kutoka sebuleni kwa ekstensheni ya mita thelathini. Mjomba akavaa miwani, akabonyeza tochi, ulimi wa buluu ukatoka, tukashangilia. Ulikata kama upana wa kiganja, ukaanza kurusha cheche juu badala ya chini, kisha ukazima. Tukajaribu tena, ukazima. Mara ya tatu nyumba nzima ikazima.

“Tumepigwa, mpwa wangu,” mjomba akasema, akakaa kwenye ndoo.

Sikuwa na jibu. Siku thelathini za kula zilikuwa zimelala chini pale zikiwa na klampu ya ethi.

Aliyetuokoa ni kijana mmoja aliyesomea uchomeleaji VETA hapahapa Tabora, rafiki wa binamu yangu. Alifika jioni, akamwamkia mjomba, akaizunguka mashine bila kuigusa. Akashika ekstensheni, akaipima kwa vidole. Akaangalia mpira wa kompresa. Halafu akacheka.

“Mzee, mashine yako nzima. Mnaibania tu.”

“Tunaibania nini?”

“Umeme na hewa.”

Yaliyobaki katika makala hii ni ufafanuzi wa maneno hayo, ambayo ningeyajua kabla ya Ijumaa ile ningenunua tofauti.

Tuanze na umeme. Mashine hizi zimepewa namba kwa ampea zinazotoa: 40, 50 na kuendelea. Watu wanadhani namba kubwa ndiyo nzuri. Lakini ampea zinazotoka lazima kwanza ziingie. Mashine ya plazma ikitoa ampea 40 inazitoa kwa karibu volti 96, yaani wati 3,840. Ongeza kinachopotea kama joto ndani yake, unakaribia wati 4,500. Kwa volti 230 hiyo ni ampea kama 20, na kwa kuwa inveta za bei nafuu zinavuta umeme kwa mikupuo badala ya mtiririko laini, kwenye waya unakuta ampea 25 hadi 30. Sasa angalia plagi ya nyumbani kwenu, yenye miguu mitatu bapa. Imeandikwa 13. Hapo bado kompresa haijawashwa, na kompresa ya nguvu farasi mbili inataka wati 1,500 zake, tena inapoanza kuzunguka inavuta zaidi ya hapo.

Halafu kuna ile ekstensheni. Waya wetu ulikuwa wa milimita 1.5, na urefu wake mita 30, kwenda na kurudi mita 60. Ukipitisha ampea 25 humo, volti kama 18 zinapotelea njiani, zinaupasha waya moto tu. Kama umeme wa mtaani jioni umeshuka hadi 200, mashine inapata 182, na nyingi zikifika huko zinajizima zenyewe kujilinda. Waya wa milimita 6 kwa umbali uleule unapoteza volti zisizofika 5. Kijana wa VETA alitukataza hata kuikunja ile ekstensheni iliyobaki, kwa sababu waya uliojikunja hauna pa kupumulia joto.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe “inakata milimita ngapi?” Jiulize wewe kwanza: nyumbani kwetu pana umeme wa kuilisha? Kama una fezi moja ya kawaida, mashine ya ampea 40 inatosha na inabaki. Fundi umeme mwenye leseni ya EWURA akuwekee laini yake yenyewe kutoka kwenye boksi la breka, yenye breka ya ampea 32 na waya wa milimita 6, mpaka pale unapofanyia kazi. Kompresa iende kwenye saketi nyingine. Kama umepanga chumba na mwenye nyumba hataki kusikia habari za breka, shusha kitufe hadi ampea 20. Hapo plagi ya kawaida inajitahidi, na ampea 20 inakata bati la milimita 2 hadi 3 vizuri tu. Kazi nyingi za nyumbani haziendi mbali zaidi ya hapo. Pima geti lenu: pleti yake mara nyingi ni milimita 1 hadi 2.

Na ile milimita 12 ya kwenye boksi? Si uongo kabisa. Kuna unene ambao mashine inaukata ukapata ukingo safi, na kuna unene ambao inautenganisha kwa shida, ukingo ukiwa kama mkate uliong'atwa. Boksi linatangaza wa pili. Mimi sasa nikiona namba ya boksi naigawa kwa mbili, naichukua hiyo kama unene wa kazi. Mashine ya ampea 40 kwa milimita 6 itakupa raha.

Gharama ya umeme wenyewe isikutishe. Nilitegemea LUKU italia. Mashine na kompresa pamoja kwa saa nzima ya kukata mfululizo ni kama uniti 6, lakini nani anakata saa nzima? Jumapili yote sisi ulimi wa moto uliwaka labda dakika kumi. Uniti moja. Ila kama nyumbani kwenu mko kwenye lile kundi la matumizi madogo, la uniti 75 kwa mwezi, hesabuni na weldingi humohumo msije mkavuka mpaka bila kujua.

Nije kwenye hewa, maana hapa ndipo watu wengi watakapoumia.

Mimi nasoma ualimu, na somo langu mojawapo ni Historia. Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha nilisimama mbele ya darasa nikieleza biashara ya masafa marefu: njia ya kati kutoka Bagamoyo, kupita hapa Unyanyembe, hadi Ujiji. Vitabu vinapenda pembe za ndovu na nguo. Mimi niliwaambia wanafunzi wasisahau majembe. Kaskazini yetu, Usumbwa na Uzinza, wahunzi walikuwa wakifua majembe ya chuma yaliyoletwa Tabora kuuzwa, na jembe lilikuwa mali kiasi cha kulipiwa mahari. Nikachora ubaoni tanuru, mkaa, na mivukuto miwili. Mwanafunzi mmoja akauliza kwa nini mivukuto iwe miwili, mmoja si unatosha? Nikamjibu: mmoja ukiwa unavuta pumzi, mwingine unapuliza, moto usikate. Nikaendelea na somo. Miezi mitatu baadaye nimesimama Isevya na kompresa ya matairi, na sikuwa nimelielewa jibu langu mwenyewe.

Mashine ya plazma ya ukubwa wa kwetu inataka hewa kama lita 120 kwa dakika, kwa msukumo wa baa 4.5 hivi, bila kukatika wakati inakata. Angalia kibao cha mashine, kila moja ina namba zake. Kompresa ndogo zinazouzwa sana zina tangi la lita 24. Likijaa hadi baa 8 na wewe ukaruhusiwa kushuka mpaka 4.5, ulichonacho cha kutumia ni 24 mara 3.5, yaani lita 84. Kwa lita 120 kwa dakika hizo ni sekunde 42. Mota inapozunguka inarudisha kiasi, lakini kuwa mwangalifu na namba iliyobandikwa juu yake, kwa sababu mara nyingi ni hewa inayovutwa ndani, si inayotoka. Inayotoka yaweza kuwa nusu au theluthi mbili ya hiyo.

Sekunde 42 si kidogo kama zinavyosikika. Bati la milimita 3 unalikata sentimita 30 ndani ya nusu dakika. Kwa hiyo mwenye kazi ndogo anaweza kuishi na tangi la lita 24, mradi akubali kukata, kusimama, kusubiri ijae, kukata tena. Sisi tulichagua la lita 50, la mtumba, na ndilo ninalowashauri. Anayetaka kukata duara bila kusimama katikati hana ujanja. Kila unaposimama na kuanza tena unaacha kidonda kwenye ukingo.

Lakini hata tangi kubwa lingetuangusha siku ile, kwa sababu ya mpira. Mpira wa kujazia matairi una tundu jembamba. Geji yetu ilionyesha 4.5 safi kabisa, na mjomba alinionyesha kwa kidole: “Si unaona?” Kijana wa VETA akabonyeza kitufe cha kupimia hewa, ile ambayo inatoka bila moto, na sindano ikaanguka mpaka 2. Geji inaposomwa hewa imesimama inakupa sura ya hewa iliyosimama. Rekebisha msukumo hewa ikiwa inatembea. Tulibadilisha mpira tu, wa tundu la milimita 10, na ulimi wa moto ukanyooka papo hapo.

Jambo jingine la hewa ni maji. Kompresa inakamua unyevu kutoka angani na kuukusanya chini ya tangi. Hapa kwetu kuanzia Novemba hadi Aprili hewa imejaa mvua, na maji hayo yakifika kwenye tochi yanakula elektrodi. Elektrodi ni kipande kidogo cha shaba chenye nukta ya hafniamu kwenye ncha, madini yanayovumilia ule moto. Nukta ikichimbika shimo la zaidi ya milimita moja na nusu, itupe, la sivyo itaharibu na nozeli. Kwa hiyo fungua bomba la chini la tangi kila ukimaliza kazi, na weka kichujio cha maji kabla ya mashine. Mjomba aliona kichujio ni anasa. Aliunguza elektrodi tatu Jumapili moja, akakinunua Jumatatu.

Kuna mashine zenye kompresa ndani yake, unachomeka umeme tu. Zinapendeza, hasa kwa mtu wa kuhamahama. Lakini nyingi ni za ampea ndogo, kwa bati jembamba, na kompresa ikifa ndani umebaki na boksi. Mimi nisingenunua, ila sitagombana na mwenye kazi ya bati pekee.

Ongeza sasa hesabu: mashine laki sita, kompresa ya mtumba laki mbili na nusu, waya, breka, mpira na kichujio vikakaribia laki na nusu. Tulipanga kutumia laki sita, tukafika milioni moja. Hizo ni bei zetu za siku zile, za kwenu zitatofautiana, lakini uwiano sidhani kama utabadilika sana: mashine yenyewe ni kama sehemu tatu kwa tano za safari. Nilikula ugali na dagaa kwa shangazi, mke wa mjomba, wiki nyingi kuliko nilivyopanga, na alikuwa ananipakulia huku akiuliza mashine inaendeleaje kwa sauti ambayo mwenye kusikia anaelewa.

Kompresa ilisafirishwa kutoka Dar. Nilipoishusha kwenye bajaji niliipima kwa mgongo: kama kilo 35. Mzigo wa pagazi kwenye njia ya misafara ulikuwa karibu frasila mbili, kilo 32 hivi, na Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika hapa Novemba. Mimi niliubeba kutoka getini hadi uani nikakaa chini.

Mengine ya kuangalia nitayapitia haraka. Uliza jina la tochi kabla ya jina la mashine. Tochi za aina ya PT-31 au AG-60 zimeenea, vipuri vyake ni rahisi, navyo vinapatikana kwenye maduka mengi ya vifaa vya weldingi. Nunua elektrodi na nozeli kumi kumi siku hiyohiyo. Mashine nzuri yenye tochi ambayo nozeli zake hazipatikani ni pambo. Kibao cha mashine kina asilimia, kwa mfano 60 kwa ampea 40: maana yake katika kila dakika kumi kata sita, pumzisha nne. Kwa kazi za nyumbani kompresa itakusimamisha kabla ya hapo.

La muhimu kuliko hilo ni namna ulimi wa moto unavyowaka. Mashine nafuu kabisa zinahitaji uguse chuma ndipo ziwake, na zikikutana na rangi au kutu zinagoma. Zilizopanda kidogo zina ulimi wa kuanzia, unaowaka hewani kabla ya kugusa, na hizo zinakata chuma kilichopakwa rangi, wavu, hata bati bovu la dampo. Ukiweza kuongeza fedha sehemu moja tu, ongeza hapa. Ya kwetu inaanza kwa umeme wa masafa ya juu, na kila mjomba akibonyeza, redio ya jirani inakoroma. Kompyuta mpakato yangu naiweka mbali, chumba kingine kabisa.

Nilisema wengi wenu hamuihitaji, nami bado niko palepale. Kama unatengeneza vitanda, rafu, na mageti ya skwea paipu, kaa na grinda. Kwenye bomba la mraba grinda inakata nyoofu na safi, wakati plazma inamwaga matone ya chuma ndani ya bomba na kukuachia kazi ya kusafisha. Grinda na diski zake huifikii laki moja na nusu. Kama una duara moja la kukata mwaka mzima, lipeleke kwenye karakana yenye mashine ulipie mkato. Plazma inaanza kuwa na maana ukiwa na bati na pleti, mikunjo, matundu makubwa, stenlesi au aluminiamu, na mara kwa mara. Mjomba alikuwa na hayo yote. Mimi nilikuwa na laki tatu na hamu.

Kuhusu usalama nitasema yale ambayo mjomba aliyapuuza. Miwani ya jua si kinga. Vaa kioo cha giza cha namba 5 hadi 8, nguo ya pamba ya mikono mirefu, viatu vya kufunika. Cheche za plazma zinatambaa chini mbali, kwa hiyo ondoa majani makavu na mkaa. Usikate bati la mabati yenye zinki ndani ya chumba, moshi wake unaleta homa ya usiku mzima, na moshi wa stenlesi ni mbaya zaidi kwa mapafu. Fanyia kazi nje, simama upande upepo unakotoka. Kabla ya kubadilisha nozeli chomoa umeme kwanza, maana kwenye tochi hiyo kuna volti zinazozidi 200 zikisubiri. Na mapipa: wengi wetu tunataka kukata pipa tutengeneze jiko. Pipa lililowahi kubeba petroli au mafuta linaweza kulipuka hata kama lilioshwa mwaka jana, kwa sababu mvuke umejificha kwenye mikunjo yake. Sisi pipa la namna hiyo hatulikati, hata mteja akija na fedha mkononi.

Duara la kikamulio tulilikata Jumapili iliyopita. Mjomba alitengeneza kifimbo chenye msumari katikati, kama bikari ya darasani, tochi ikafungwa upande wa pili, akazunguka nayo mara moja kwa ampea 25. Ukingo ulitoka mweusi, kwa kuwa hewa ina oksijeni na inaibabua stenlesi, kwa hiyo niliusugua kwa grinda mpaka ukang'aa, maana kitu hiki kitagusa chakula. Silinda imeshakunjwa. Matundu tumeyatoboa kwa drili, si kwa plazma, ili yawe laini.

Imebaki parafujo. Mjomba amepata jeki ya lori iliyokufa ambayo parafujo yake inafaa, lakini mwenye nayo anataka elfu arobaini, na wote wawili tumetazamana kwanza. Mama mdogo amepiga simu kutoka Sikonge kuuliza kama mashine ya watoto wake imeshamaliza kula fedha, kwa sababu mizinga imejaa na nyuki hawasubiri bumu.